Barabara Nyeupe za Toscana: Somo la Ardhi, Njia na Baisikeli

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wakisikia maneno "barabara ya changarawe" hufikiri vumbi, mashimo na basi lililokwama. Kwetu barabara ya namna hiyo huhesabiwa kuwa ni barabara ambayo haijamalizika. Tunaingojea lami kama shamba lingojeavyo mvua. Katika makala hii nataka kueleza habari za jimbo moja la Ulaya ambako wenyeji waliona fahari kuziacha baadhi ya barabara zao zibaki za changarawe, na sasa watu hutoka nchi za mbali kuja kuzipita kwa baisikeli. Jimbo hilo ni Toscana, katika nchi ya Italia. Habari zake nimezikusanya katika ramani, atlasi na vitabu, baada ya somo letu la Jiografia juu ya tabianchi ya Mediterania. Kwanza nitaeleza nchi yenyewe na jinsi barabara zake zilivyopatikana. Pili nitafuata njia nne. Tatu nitaeleza baisikeli inayofaa. Na mwisho nitasema lile tunaloweza kujifunza sisi.

1. NCHI YENYEWE

Toscana iko katikati ya Italia, upande wa magharibi, nayo hutazama Bahari ya Mediterania. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 23,000. Katika eneo hilo theluthi mbili ni vilima, robo hivi ni milima, na sehemu iliyosalia, ambayo haifiki hata moja ya kumi, ndiyo tambarare. Kaskazini na mashariki imesimama milima ya Apenini. Kusini upo mlima Amiata, volkano iliyozimika, wenye urefu wa mita 1,738. Magharibi kuna pwani. Kwa hiyo mpanda baisikeli aweza, katika safari ya siku nne tu, kupita mashamba ya mizabibu, vilima vitupu vya udongo, misitu ya mlimani na mwisho mchanga wa bahari.

Tabianchi yake ni ile tuliyofundishwa: kiangazi kikavu chenye joto, na mvua kuja wakati wa baridi. Mzeituni na mzabibu hustawi huko kwa sababu mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na jani la mzeituni ni dogo na gumu, halipotezi maji upesi. Jambo hili lamhusu pia mwenye baisikeli. Mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 30 na vumbi hujaa hewani. Mwezi wa Novemba mvua hugeuza vumbi lile lile kuwa tope. Basi nyakati zinazofaa kusafiri ni mbili: tangu Aprili hata mwanzo wa Juni, na tena Septemba hata mwanzo wa Oktoba.

2. JINSI BARABARA ZILIVYOPATIKANA

Wenyeji huziita strade bianche, maana yake barabara nyeupe. Weupe huo hutokana na mawe ya chokaa yaliyopondwa na kushindiliwa. Mtu aangaliaye ramani ya Toscana atashangaa kuona jinsi zilivyo nyingi: kila mgongo wa kilima una kijibarabara chake, na kila kijibarabara huishia penye nyumba moja. Kwa nini iwe hivyo?

Sababu yake ni desturi ya kilimo iliyodumu mamia ya miaka, iitwayo mezzadria, yaani kugawana nusu kwa nusu. Shamba lilikuwa mali ya tajiri. Mkulima na jamaa yake walilima, na mavuno yakagawanywa baina yao na mwenye ardhi. Jamaa hao hawakukaa kijijini bali juu ya shamba lenyewe, katika nyumba ya mawe iliyojengwa kileleni mwa kilima. Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa peke yake, kila nyumba ilihitaji njia yake ya kupitisha mkokoteni wa ng'ombe, wa kupeleka ngano na zabibu na kurudisha chumvi. Ndizo barabara hizi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walianza kuyaacha mashamba, wakaenda kutafuta kazi katika viwanda vya mjini. Mwaka 1964 sheria ilikataza mikataba mipya ya mezzadria. Nyumba nyingi zilifungwa, lakini njia zilibaki. Msomaji aelewe jambo hili vizuri: ule utulivu anaousifu mgeni leo, wa kwenda kilomita nyingi bila kukutana na gari, ulitokana na kuhama kwa wakulima waliochoka kulima shamba lisilo lao.

Miaka ilipopita, barabara hizo zilianza kutiwa lami moja baada ya moja. Ndipo mtu mmoja aitwaye Giancarlo Brocci, wa mji mdogo wa Gaiole katika Chianti, alipofikiri njia ya kuzitetea. Mwaka 1997 aliwaita watu waje kupita barabara nyeupe kwa baisikeli za zamani, wamevaa fulana za sufu kama wapanda baisikeli wa siku za babu zao. Safari hiyo iliitwa L'Eroica, yaani "ya kishujaa". Mara ya kwanza walikuja watu 92 tu. Siku hizi huja maelfu, kila mwaka mwezi wa Oktoba, na baisikeli zao hazina budi kuwa za mwaka 1987 au kabla yake. Njia yake ndefu, ipitayo kilomita 200, imewekewa vibao vya kudumu, hata mtu aweza kuifuata siku yoyote ya mwaka.

Mwaka 2007 yalianza mashindano ya wapanda baisikeli wa kulipwa, nayo baadaye yakaitwa kwa jina la barabara zenyewe, Strade Bianche. Tangu mwaka 2015 wanawake nao wana mashindano yao. Huishia katika mji wa Siena, katika uwanja wa Piazza del Campo, baada ya kupanda njia nyembamba ya mawe yenye mwinuko wa asilimia 16. Hivyo barabara ya mkokoteni, ambayo ilikaribia kufutwa, ikajulikana dunia nzima.

3. NJIA NNE

Njia ya kwanza: Chianti. Nchi hii iko baina ya Firenze na Siena. Ardhi yake ni ya mawe. Kuna chokaa ngumu, na kuna mawe laini yanayobanduka kama magamba ya samaki. Mizabibu hupenda ardhi ya namna hiyo kwa sababu maji hayatuami. Njia hupanda na kushuka pasipo kupumzika, mara katika mialoni, mara katika mizeituni, na barabara ya kwenda ngome ya Brolio imepandwa misaipresi huku na huku. Siku ya L'Eroica huwashwa taa kando ya barabara hiyo, kwa sababu wapandaji hupita kabla ya mapambazuko. Hatari ya Chianti ni mawe makali yanayotoboa mipira. Mtu asiende bila viraka na pampu.

Njia ya pili: Crete Senesi. Ukitoka Siena kwenda kusini-mashariki, nchi hubadilika ghafula. Miti huisha, na mbele yako kuna vilima vya udongo wa kijivu, kimoja nyuma ya kingine kama mawimbi. Mfano huo wa mawimbi una kweli ndani yake, kwani udongo ule ulilala chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na hata sasa humo huonekana makombe ya wanyama wa baharini. Mvua huuchimba na kufanya makorongo marefu. Penye mteremko mkali hakuoti kitu. Penye nafuu hulimwa ngano, na kondoo hulishwa.

Hapa ndipo kilipo kipande maarufu kiitwacho Monte Sante Marie, chenye urefu wa kilomita 11.5. Kipande hiki kimepewa jina la Fabian Cancellara wa Uswisi, kwa kuwa alishinda mashindano ya Strade Bianche mara tatu, mwaka 2008, 2012 na 2016. Mwaka 2024 Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake papo hapo, zikiwa zimebaki kilomita 81, akaenda peke yake hata mwisho. Lakini kwa msafiri wa kawaida jambo la kukumbuka ni jingine: hakuna kivuli wala kisima. Maji lazima yachukuliwe tangu Siena au Asciano.

Njia ya tatu: bonde la Orcia na mlima Amiata. Bonde hili liliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, wala si kwa ajili ya wanyama au majabali, bali kwa jinsi wanadamu walivyoipanga ardhi kwa ajili ya kilimo. Ndani yake imepita njia ya kale ya mahujaji, Via Francigena. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alirudi kwao Uingereza akitoka Roma kwa njia hiyo, na vituo vyake 79 viliandikwa. Mpanda baisikeli wa leo anakanyaga alipokanyaga yeye. Katika kijiji cha Bagno Vignoni atakuta jambo la ajabu: mahali pa uwanja wa kijiji pana birika kubwa la maji ya moto yatokayo ardhini. Amiata ni volkano iliyozimika, lakini ardhi ya huko ingali na joto ndani.

Ukipanda mlima wenyewe, udongo hubadilika tena. Mwamba wa volkano hupitisha maji, kwa hiyo chemchemi ni nyingi na misitu ni minene. Baada ya jua kali la Crete, msafiri hupata kivuli na maji ya baridi.

Katika sehemu hii pia tuna somo kubwa la udongo na mvua. Mwezi wa Mei mwaka 2010 mashindano ya kuizunguka Italia, Giro d'Italia, yalipita barabara nyeupe kwenda mji wa Montalcino, na mvua ikanyesha. Wapandaji walifika wamepakwa tope tangu kichwa hata miguu, hata nguo zao hazikuweza kutambulikana. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Cadel Evans wa Australia. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hunata kama ule udongo mweusi wa mbuga zetu: hujaza nafasi baina ya gurudumu na fremu, na mwisho gurudumu hukataa kuzunguka.

Njia ya nne: Maremma. Baada ya milima njia huteremka pwani, karibu na mji wa Grosseto. Leo nchi hii ni tambarare, yenye mashamba, misonobari na ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu. Lakini zamani ilikuwa kinamasi, na watu waliiogopa kwa sababu ya malaria. Mtawala wa Toscana, Leopold wa Pili, alianza kazi ya kukausha vinamasi mwaka 1828, na kazi hiyo iliendelea hata karne ya 20. Italia nzima ilitangazwa kuwa imeondokana na malaria mwaka 1970. Mwaka 1975 sehemu ya pwani ilifanywa hifadhi. Barabara nyingi za huko hufuata mifereji iliyochimbwa ili kuyaondoa maji. Kwa sisi ambao ugonjwa huu tunaujua kwa jina na kwa homa, kilomita zile za mfereji zina maana kuliko picha nzuri yoyote.

4. BAISIKELI NA HESABU YAKE

Baisikeli ya changarawe imekaa baina ya ile ya mashindano na ile ya mizigo. Mipira yake ina upana wa milimita 40 hivi, nayo haijazwi upepo sana. Sababu ni hii: mpira mgumu hurukaruka juu ya kila jiwe, na kila mruko ni nguvu iliyopotea, mpira laini hulizunguka jiwe na kushika ardhi. Lakini ukipunguza upepo kupita kiasi, rimu itagonga jiwe na kupinda.

Sasa tuangalie gia. Chukua baisikeli ya kawaida isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 20 nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedeli, gurudumu huzunguka mara 44 ÷ 20, yaani 2.2. Mzingo wa gurudumu ni mita 2.2 hivi. Kwa hiyo pedeli ikizunguka mara moja baisikeli huenda mita 4.84. Katika mwinuko wa asilimia 10, mpandaji amejiinua karibu sentimita 48 kwa mzunguko mmoja. Hiyo ni ngazi ndefu sana! Sasa weka meno 40 mbele na 40 nyuma. Gurudumu huzunguka mara moja tu, baisikeli huenda mita 2.2, na mpandaji hujiinua sentimita 22, kama ngazi ya kawaida.

Wengine husema gia hupunguza kazi. Sivyo. Mtu na baisikeli wenye kilo 75 wakipanda kilima cha mita 100, kazi ni 75 × 9.8 × 100, yaani jouli 73,500, wawe na gia au wasiwe nayo. Gia huigawa kazi ile ile katika vipande vidogo ambavyo misuli yaweza kuvistahimili. Katika kipande cha Le Tolfe, karibu na Siena, mwinuko hufika asilimia 18. Pale asiye na gia ndogo hushuka na kusukuma.

Katika mteremko yapo mambo matatu ya kushika. Kwanza, punguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona, kwa maana changarawe huteleza chini ya gurudumu lililofungwa breki. Pili, tazama mbele unakotaka kwenda, usilitazame jiwe unaloliogopa. Tatu, legeza mikono, uiache baisikeli itikisike chini yako.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Katika ukumbi wa serikali ya mji wa Siena kuna picha kubwa zilizochorwa ukutani na Ambrogio Lorenzetti mwaka 1338 na 1339. Zinaonyesha matokeo ya serikali njema na ya serikali mbaya. Upande wa serikali njema, lango la mji li wazi, na watu wanatoka na kuingia kwa amani na wanyama wao na mizigo yao. Upande wa serikali mbaya, nchi imeharibika na watu wanaogopa kutembea. Mchoraji huyo alijua kwamba hali ya njia ni ushahidi wa hali ya watu.

Barabara ya changarawe haijitunzi yenyewe. Mgongo wake lazima uinuke katikati ili maji yaende kando. Kando lazima pawe na mitaro, na mitaro lazima iwe wazi. Magari yakipita kwa kasi, changarawe hujipanga matuta madogo madogo kama bati la nyumba, na greda lazima lipite kuyasawazisha. Barabara nyeupe za Toscana zinapitika kwa sababu kila mwaka kuna anayefanya kazi hizo.

Mchezo huu umekwisha kufika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2021 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya changarawe ya Migration Gravel Race, ya siku nne, katika nchi ya Maasai Mara huko Kenya. Mmoja wa viongozi wa wapanda baisikeli wa Kenya alikuwa Suleiman Kangangi, ambaye alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe nchini Marekani. Alitaka vijana wa Afrika Mashariki washindane na wa Ulaya, na barabara za kujifunzia zilikuwa hizi hizi zetu.

Mimi natoka katika kijiji ambacho barabara yake ni ya changarawe. Mvua kubwa ikinyesha, magari huacha kuja, na mama mjamzito huchukuliwa kwa pikipiki mpaka zahanati. Kwa hiyo sisemi kwamba tuikatae lami. Watu wa Toscana wana barabara kuu za lami zifikazo hospitali zao. Wao wana nafasi ya kuchagua, sisi bado. Atakayetuambia tubaki na vumbi kwa sababu wageni hulipenda, hatutakii mema.

Lakini lipo jambo ambalo hatuhitaji kulingojea. Mzee mmoja kijijini kwetu akiulizwa kwa nini mtaro umejaa mchanga, hujibu, "Lami inakuja." Jibu hilo nimelisikia tangu nikiwa darasa la pili. Katika miaka yote hiyo ya kungoja, si ukosefu wa lami ulioiua barabara yetu, bali maji yaliyokosa pa kupita. Tena lami yenyewe isiyo na mtaro hufa upesi vile vile, na kuifufua ni ghali zaidi.

Basi nawaomba wanafunzi wenzangu: likizo hii, kabla ya mvua kuanza, tuchukue majembe, tuombe ruhusa kwa viongozi wa vijiji vyetu, tuzibue mitaro mita mia kila mmoja. Nawaomba na wazazi watusaidie. Lami ikija, itaikuta barabara iliyo hai. Isipokuja, mama yule atafika zahanati.

MASWALI KWA MSOMAJI

1. Eleza kwa nini nyumba za wakulima wa mezzadria zilisababisha barabara nyingi kuliko kijiji kimoja chenye nyumba hizo hizo.
2. Baisikeli ina meno 48 mbele na 18 nyuma, na mzingo wa gurudumu ni mita 2.2. Katika mwinuko wa asilimia 5, mpandaji hujiinua sentimita ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedeli?
3. Taja aina ya udongo au mwamba ulio katika kila mojawapo ya njia tatu za kwanza, na ueleze shida au faida yake kwa msafiri.
4. Pima mtaro ulio karibu na nyumba yenu. Je, maji yakija leo yatapita wapi?